Orodha ya Waliohudhuria

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Joto la kunata, na umeme umepotea tangu saa nne asubuhi, kwa hiyo mashine ya fotokopi imekaa kimya na mimi nimekaa nayo. Naandika kwa simu na chaji imebaki kidogo. Heri iwe hivyo, sitapata nafasi ya kujipamba.

Nimefanya ubaya, na leo niliyemfanyia ubaya huo amenitetea mbele ya watu.

Mtaa wetu huku Likoni, nyuma ya hoteli za Shelly Beach, umejengwa juu ya shamba la mtu. Nyumba ni zetu, ardhi si yetu. Huyo mwenye shamba hatujapata kumwona, twamsikia kwa jina tu. Bibi yangu alizaliwa hapa na akazikwa hapa, na hakuna aliyewahi kuja kutuuliza tunafanya nini, mpaka mwaka huu.

Mimi nina kibanda cha kupiga chapa kando ya barabara. Watu huniletea barua za shule, za hospitali, za serikali, niwasomee. Nimeaminiwa muda mrefu hata nikasahau kwamba kuaminiwa ni kitu.

Miezi mitatu iliyopita alikuja wakala wa mwenye shamba, kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi. Aliitisha mkutano kiwanja cha shule, na kama ilivyo ada ya mikutano yetu, karatasi ikazungushwa: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Nani husoma karatasi ya mahudhurio? Tumezitia sahihi kwenye semina za kuku, za malaria, na za wanasiasa kila uchaguzi ukikaribia. Unaandika jina, unapewa soda, unakwenda zako.

Siku ya pili akaja kibandani kwangu na ile orodha. Wazee wengi hawakufika mkutanoni, akasema, na mimi ndiye ninayejulikana nyumba hadi nyumba. "Dada, wakikuona wewe wanafungua mlango." Juu ya orodha palikuwa na ukurasa mmoja wa Kiingereza, ambao kwa maneno yake ulikuwa maelezo tu. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akaniambia kwamba viwanja vitakapogawanywa, kibanda changu hakitaguswa.

Alipoondoka niliusoma.

Ulisema kwamba sisi wenye sahihi hapo chini tunakubali tunaishi hapa kwa ruhusa ya mwenye shamba, na tutaondoka atakapotutaka. Ningependa kuandika kwamba Kiingereza cha kisheria kilinishinda, lakini mimi ndiye ninayewafasiria wengine. Niliusoma mara mbili. Nikaukunja ukaenda nyuma ya orodha, nikachukua pedi ya wino, nikaanza kupiga hodi.

Njiani nilijiambia mengi. Kwamba karatasi haiwezi kumtoa mtu nyumbani kwake. Kwamba wakubwa wataamua watakavyo, nikizungusha nisizungushe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakifikiria kibanda changu na jinsi nitakavyokipaka rangi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mishi, jirani yetu muuza mahamri. Nilipokuwa darasa la sita na mama yangu yuko kitandani hajiwezi, Bi Mishi ndiye aliyenilisha na kunivisha mwaka mzima. Hajui kusoma. Aliuliza karatasi ni ya nini. Nikamwambia, "Ni ya mkutano tu, Bi." Akaninyooshea mkono bila kuuliza tena. Nilishika dole gumba lake nikalikandamiza, kisha nikampangusa wino kwa pindo la leso yangu. Leso hiyo nimeifua sijui mara ngapi. Doa lipo.

Wiki iliyopita notisi zilibandikwa milangoni, tuhame. Leo asubuhi tumekutana kwenye baraza ya madrasa na wakili anayetusaidia bila malipo, mama mmoja mpole atokaye Mikindani. Alituelezea polepole. Mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenziwe zaidi ya miaka kumi na miwili, waziwazi, bila ruhusa na bila kufukuzwa, anaweza kwenda mahakamani akaidai iwe yake. Sisi tulikuwa na kesi nzuri. Lakini mtu akikubali kwa sahihi yake kwamba yupo kwa ruhusa, kesi inalegea. Akainua nakala ya orodha iliyokuja na notisi. Dole la Bi Mishi lilikuwa la mwisho, chini kabisa, peke yake.

Mtu akauliza ni nani aliyezungusha karatasi hii. Vichwa vikanigeukia.

Bi Mishi alisimama kabla sijafungua kinywa. "Mwacheni mwanangu. Wallahi huyu angejua asingenitia wino mimi. Amedanganywa kama tulivyodanganywa sisi."

Watu wakanipa pole. Nikaipokea.

Wakili akasema ataniandikia hati ya kiapo, niape kwamba sikujua. Itasaidia kidogo tu, akasema, maana mwenye shamba atadai kila mtu alikuwa na nafasi ya kusoma. Ambaye angetusaidia hasa ni mtu aliyeujua ule ukurasa, aape kwamba wazee walifichwa. "Lakini mtu wa namna hiyo hajitokezi," akasema, akafunga faili lake.

Kwa hiyo uongo wangu utanisitiri mimi na kuwaacha wao nusu wamezama. Naona aibu kwamba ilibidi nitembee mpaka nyumbani nikilipima hilo.

Baada ya adhuhuri nilikwenda kwa Bi Mishi. Nilimkuta uani akichekecha unga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanisogezea kigoda. Sikukaa. Nilimwambia kwamba nilijua, kwamba niliusoma ukurasa kabla ya kuja kwake, na kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya kibanda.

Aliendelea kuchekecha. Sikutaka aniambie si kitu, na hakuniambia. Unga ulipokwisha alipangusa mikono.

"Hiyo karatasi ya wakili, waenda kuitia sahihi lini?"

"Jumatatu, Bi. Saa tatu."

"Nipitie, twende sote. Utanisomea kwanza. Yote, Zuhura, tangu juu."

Tangu darasa la sita hajapata kuniita kwa jina.

Mwangaza wa simu unafifia. Jumatatu nitamwambia wakili aandike kwamba nilijua, kisha nitamsomea Bi Mishi yote, na nikifika pale penye jina langu sitapunguza sauti.