Gia ya Tano Niliyoibadili kwa Siri

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nilipoanza kuandika nilicheka, kisha nikalia. Mume wangu ni fundi magari, tena si fundi wa kubahatisha, wateja wamempachika jina la Daktari Sikio kwa sababu anainama tu kwenye boneti na kukutajia ugonjwa kabla hujazima injini, na mimi ni mkunga katika hospitali ya mji wa jirani, kila siku nakwenda na kurudi kwa barabara kuu na gari letu dogo la zamani, lile alilolifunga mwenyewe kuanzia injini mpaka gia boksi tulipokuwa wachumba, na analipenda pengine kunizidi mimi.

Sasa gari hilo mjini halina neno, mlimani linapanda kama mbuzi, lakini likishika barabara kuu ukaweka gia ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho, injini inaendelea kulia kana kwamba inaomba ya sita, nami nafika kazini masikio yanavuma, na kazi yangu, mshauri, ni kutega sikio kwenye kile kipembe juu ya tumbo la mama nisikilize moyo wa mtoto. Siku moja niliinama nikawa nasikia barabara tu, ikabidi nimwite mwenzangu asikilize badala yangu, na yule mjamzito akanikazia macho akauliza, "Sista, mwanangu yupo?" Alikuwepo, mzima kabisa, ila mimi kile kipembe sikukigusa tena mpaka jioni.

Nilimwomba mume wangu atafute gia ya tano iliyo ndefu zaidi ili injini izunguke polepole kwa mwendo ule ule, akacheka, "Mama, gari likiwa zima halifunguliwi. Hiyo ndiyo sauti yake." Niliporudia akanuna, akasema mke wa fundi akilalamikia gari la fundi wateja watakimbia. Basi alipokwenda kumuuguza kaka yake nikasema liwalo na liwe, nikalipeleka kwa fundi mmoja wa upande wa pili wa mji, ambaye yeye na mume wangu hawapikiki chungu kimoja. Akaniuliza, "Shemeji, mwenyewe anajua?" nikajibu anajua, Mungu anisamehe. Alikuwa na gia boksi ya gari la aina hiyo hiyo lenye injini kubwa, akafungua mfuniko wa pembeni bila hata kuishusha yetu, akatoa zile gia mbili zinazoumana zinazofanya namba tano, akaniambia hizi ni mume na mke, huwezi kubadili mmoja ukamwacha mwenzake, akaweka zile ndefu. Mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini kwenye gari letu ulikufa zamani na hakuna aliyeufufua, kwa hiyo akaunganisha kipimo chake, tukaingia barabara kuu, na kwa mwendo wa kilomita mia kwa saa, mizunguko iliyokuwa karibu elfu nne kwa dakika ikashuka mpaka elfu tatu na ushee. Mshauri, nilitaka kupiga vigelegele. Tangu siku hiyo nafika kazini na masikio yangu yote mawili.

Lakini mume wangu aliporudi akalichukua kwenda kununua vipuri, kwenye mwinuko gari likakosa pumzi katika gia ya tano, akarudi akafungua boneti kabla hata hajashusha vipuri. Akasema injini imechoka, hata mlio wake wa barabara kuu umefifia. Amebadili plagi, amesafisha kabureta, amepima kompresheni, kila kitu kizima, na nilipouliza kwa woga kama si gia boksi akanijibu, "Ile nimeifunga kwa mikono yangu na haijaguswa na mtu." Juzi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni akaniambia, "Mama, nadhani masikio yangu yananiaga. Nasikiliza, sisikii ugonjwa." Na sasa ameanza kuwarudisha wateja, anawaambia waende kwa vijana wenye mashine za kupimia, na mwisho wa mwezi anaishusha injini aifungue yote. Gia mpya siitoi, hilo nimeapa, zile za zamani nimezificha kwenye sanduku la nguo za watoto. Je, nimwache aifungue injini, akose kitu, ajichokee mwenyewe? Mficha uchi hazai, ndiyo maana nimeandika.

Mimi, Mke wa Fundi.

JIBU

Dada yangu, samahani, nilicheka. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye ngazi ya jikoni, hapo nikaiweka barua mezani nikaenda kunywa maji.

Haki yako nakupa kwanza. Hukutaka gia ya anasa. Ulitaka masikio ya kufanyia kazi, ukaomba kwa adabu, ukajibiwa kwa kicheko. Mganga hajigangi, na huyo Daktari Sikio anayesikia kila boneti ya mjini hakumsikia mkewe. Kosa hilo ni lake na atalijibu.

Haya, sasa zamu yako. Umemwongopea mumeo, ukamwongopea na fundi wa watu aliyekuuliza swali la kiungwana. Na huo uongo wala si mkubwa ukilinganisha na unachofanya sasa. Mtu anapekua gari zima anatafuta ugonjwa, wewe unampitishia chai. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye hata hafikirii kupapasa nguo, kwa sababu anakuamini. Halafu unaniuliza kama umwache ajichokee! Hatajichokea, dada. Ataifungua injini nzima, ataifunga, na akiweka spana chini atakuwa ameshajihukumu kwamba ufundi umemtoka. Mwanamume wa namna hiyo ukimpoteza humrudishi kwa kupika vizuri.

Hivi husikii alichokuambia? Amesema anasikiliza na hasikii ugonjwa. Ugonjwa haupo! Sikio lake linasema kweli tangu siku aliyorudi, na mtu pekee nyumbani humo anayelijua hilo ni wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, wala si wiki ijayo, mwambie apande gari akusindikize njia yako ya kazini, na wewe ndiye uendeshe. Usimwambie mbele ya mafundi wake, fedheha hiyo hataisahau. Mkifika tambarare weka gia ya tano, acha asikie utulivu wake, kisha sema neno moja moja: niliibadili, nilikwenda kwa fulani, nilimdanganya. Usianze na masikio yako. Anza na yake, mwambie hayajakosea hata mara moja. Yako yafuate, pamoja na yule mama aliyekuuliza kama mwanawe yupo, maana nina wasiwasi hilo hukuwahi kumsimulia. Zile gia za zamani mpe mkononi ahesabu meno mwenyewe, fundi huamini chuma kuliko maneno.

Atanuna. Mwache anune, ana haki. Akitaka kuzirudisha za zamani kwa hasira, kataa kwa upole na usirudi nyuma, hapo niko nawe. Ila nawe jifunze gari lako: gia ndefu ni ya tambarare, ukifika kwenye mwinuko rudi ya nne kabla injini haijaanza kukabwa, la sivyo utaiua kweli na hapo sitakutetea. Fundi yule naye mwendee mwenyewe umwombe radhi, asije akaonekana mwizi wa gari la mwenzake. Na masikio hayo yakapimwe hospitalini kwako, gia si dawa ya kila kitu.

Gazeti hili likikukuta ameshakwenda gereji, usimsubiri arudi kula. Mfuate, mvute pembeni, mwambie twende barabara kuu mara moja, kabla hajamrudisha mteja mwingine kwa kumwambia hasikii.