Walipigia Makofi Picha ya Kufukuzwa Kwao

Alhamisi, Igogo. Mvua ya asubuhi imekatika na ziwa limetulia. Mimi sijatulia.

Leo gazeti limenituma kwenye mkutano wa usafi wa mialo, fukwe ambako wavuvi hupakulia samaki. Tangu biashara ifunguliwe na viwanda vianze kuuza minofu ya sangara Ulaya, wageni hawaishi. Wa leo alikuja na projekta na slaidi zilizojaa maandishi madogo ya Kiingereza, lugha isiyo ya mtu yeyote ukumbini, hata yake mwenyewe. Karani aliyekuwa akitafsiri alizimaliza zote kwa sentensi moja: "Anasema usafi ni muhimu."

Wavuvi na akina mama wa dagaa walikaa kimya saa nzima.

Kisha ikaja picha. Mwalo wao wenyewe, umejaa ukuta mzima, vichanja vya kuanikia dagaa vimezungushiwa mstari mwekundu.

"Hee! Lile si karai langu?" Mama Nyanjige akasimama. "Nyie, nimefika Ulaya!"

"Na ndala zako hizo hizo," jirani yake akamjibu.

Wakacheka, wakapiga makofi. Kwetu mgeni hupigiwa makofi hata kama hakueleweka. Ni adabu tu. Karani akaandika: wajumbe wameafiki.

Chini ya picha palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza: vyote vilivyozungushiwa wekundu vitaondolewa.

Niliusoma. Nikanyamaza.

Nimejiambia miaka mingi kwamba mwandishi haingilii habari. Leo msimamo huo ulikuwa uvivu uliovaa tai.

Nje nilimweleza Mama Nyanjige, akadhani natania. Nikachora daftarini kichanja na dagaa juu yake, kisha nikakikata kwa mikato miwili, alama ya mkasi. Haikuchukua hata dakika. Kicheko kikamwisha.

"Watoto wangu wanakula hapo, baba. Uliyaona haya mle ndani?"

"Niliyaona."

"Na makofi ukapiga?"

Nilipiga.

Akaunyofoa ukurasa, akawapelekea wenzake.

Mtu anayevuka bahari na mashine ya picha, akashindwa kuchora mikato miwili, ama ni mzembe ama hakutaka kueleweka. Sijui ni lipi, na nisilolijua siliandiki. Ninalojua ni kwamba karani anapeleka muhtasari wake wa mkutano kwa wakubwa wake kesho saa nne. Saa mbili nitakuwa mlangoni kwake pamoja na akina mama, nimtajie mbele yao nilichokisoma, afute lile neno "wameafiki".

Habari hiyo aiandike mwingine.