Hatujambo

Jumatatu, 4 Machi
Nimebadilisha balbu za korido ya bweni. Wasichana wa chumba cha saba wakanizingira: "Mama Funguo, sisi tukileta mgeni unatufokea! Huyo wa chumba cha nane anaongea na mgeni wake kutwa, humwoni?"
Nikaenda kumtoa huyo mgeni. Hakuna mgeni! Binti peke yake, amekaa kitandani, dirisha kalifunga na joto lote hili. Mwenzake wa chumba alihama mwezi uliopita. Lakini kitanda cha pili kimetandikwa, shuka limenyooshwa kuliko la kwake.
"Hujambo, mwanangu?"
"Hatujambo, mama."
Nilidhani anawajibia na watu wa kwao. Nikaondoka.

Jumatano, 6 Machi
Umekula? "Hatujala." Mbona huendi darasani? "Hatutaki kutoka."
Amekonda — mifupa ya shingo imejitokeza. Maziwa niliyomwachia jana mlangoni yameganda.
Nimempigia mama yake. Akacheka, maskini! Hata binti akiwapigia simu ni "sisi", "sisi". Walijua amepata rafiki. "Tangu utotoni hakuwa naye, dada yangu. Tulifurahi kweli."


Alhamisi, 7 Machi
Nimeharibu. Nimeingia na chai, mawazo mbali, na ulimi hauna mfupa — "Hamjambo?"
Binti akainua uso. Akatabasamu; sijawahi kumwona hivyo.
"Ahsante, mama. Wewe ndiye wa kwanza kumsalimia."
Kisha akageukia kitanda kile kingine. Akatulia kama mtu anayesikiliza. Akatikisa kichwa.
"Anasema hii chai tusinywe."
Nikajikuta natoka kinyumenyume, kama ninayeaga wakubwa.

Ijumaa, 8 Machi
Kwa mshauri nasaha wa chuo. Kijana, lakini ana masikio. Sikumficha lile la hamjambo. Akasema maradhi haya yana tiba, ila asiyekula hangojwi. Kesho twende naye hospitali. Nisibishane na binti, wala nisimkubalie. Nimwambie ninachokiona, basi.
"Ni wewe aliyekuamini, mama. Mlango atakufungulia wewe."
Ameniamini kwa kitu ambacho si kweli, nikamwambia.

Jumamosi, 9 Machi
Binti amesukuma meza mlangoni. Mshauri akabisha — kimya. Mimi nikabisha — minong'ono, kisha kimya. Nikainama kwenye tundu la ufunguo. Neno la kumtoa upesi nilikuwa nalo: tokeni, wanangu. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi! Nikalimeza.
"Mwanangu, mimi nakuona wewe peke yako. Na naona unaogopa."
Mshauri akanitazama kama nimemwaga maji kwenye moto wa jirani.
Halafu meza ikaburutwa.

Sasa tuko hospitali. Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari. Binti aligoma hapa hapa mlangoni. Akaninong'oneza kwamba mwenzake hapendi madaktari, haingii, na akiachwa peke yake atamrudisha bwenini kwa nguvu. "Kaa naye, mama."
Nikamwambia: "Wewe ingia. Mimi sitoki hapa."
Hilo si uongo. Nimeligeuza kila upande, si uongo.
Akaingia na mshauri. Mlango ameomba usifungwe kabisa, umebaki wazi kiasi cha kiganja. Naona bega lake. Daktari anauliza polepole. Kuna glasi ya maji mezani. Ameichukua! Hajainywa. Ameishika kwa mikono miwili.

Korido imejaa wagonjwa, wengine wamesimama. Mzee mwenye fimbo amenikaribia, anaonyesha nafasi iliyo kando yangu.
"Mama, hapa pana mtu?"
Ndani wamenyamaza. Binti amegeuza uso, ananitazama kupitia ule upenyo, glasi imefika mdomoni.
Nimeinamia daftari, naandika kama sijasikia.
Mzee anauliza tena, kwa sauti.