Kiyohiko Alivyomlaza Koi Wake

Chizuru, weka chini hayo mafigili usome. Mume wangu nusura amuue samaki wake wa maonyesho. Kwa mapenzi!

Yule koi mweupe mwenye madoa mekundu, anayeshindanishwa kesho. Jana jioni Kiyohiko kajaza tangi majani ya majini, eti yampe hewa safi. Kisha kazima pampu, kelele zisimsumbue. Kisha kalifunika tangi turubai jeusi, mheshimiwa apumzike.

Turubai jeusi, Chizuru!

Asubuhi samaki yuko juu ya maji, mdomo wazi, anatweta.

"Mama watoto, njoo, anakufa! Na majani yote haya!"

"Baba watoto, majani yakiona jua yanachukua pumzi anayoitoa samaki, yanajipikia chakula, yanamrudishia hewa safi. Gizani hayapiki, yanavuta hewa ileile anayovuta yeye. Umemjazia wageni chumbani ukafunga madirisha."

"Kwani majani nayo yanapumua?"

Na huyo ni mfuga samaki, mtoto wa mfuga samaki!

Nikavuta turubai, nikawasha pampu. Jua lilipojaa tangini, samaki akashuka chini, akaanza kuogelea kwa maringo. Kiyohiko akamwinamia mpaka paji likagusa sakafu: "Nisamehe, bwana mkubwa."

Mimi, tangu anioe, hajaniinamia hivyo hata siku moja.