Kitabu cha Bure na Daftari la Majina

Jumatano, 4 Juni
Nimefua, nimemnyonyesha Bhoke, nimemalizia kubana vitabu kwa pini. Thelathini. Bado vinanuka wino. Nimeandika mwenyewe, nimechapisha Sirari kwa pesa ya kuku wangu wote. Ni habari ya mimba yangu ya kwanza. Kichwa kiliuma, miguu ikavimba, nikanyamaza, mtoto akafa. Nataka mwingine asinyamaze. Kesho nagawa bure kwenye kikundi chetu cha akina mama hapa Turwa. Cha kwanza ni cha Rhobi, jirani yangu. Ana mimba ya miezi saba.

Alhamisi, 5 Juni
Vimeisha vyote! Wamepiga makofi. Nimewaandikisha majina na sahihi kwenye daftari, nijue nani kapata, baadaye niwaulize kama wamesoma. Tukapiga picha, kila mtu na kitabu chake mkononi. Furaha hii sijui niiweke wapi.

Ijumaa, 6 Juni
Bombani. Mwenyekiti wa kikundi kanisimamisha mbele za watu. "Mama Bhoke, posho yetu iko wapi?"
Nikacheka. Nilidhani utani.
"Tumesaini. Tumepigwa picha. Mfadhili alikupa ngapi?"
Nikasema sina mfadhili, niliuza kuku. Mwingine akadakia, "Basi hao kuku walikuwa wazungu!" Wakacheka mpaka basi.
Nimerudi bila maji.
Ujinga wangu. Hapa ukisainishwa, kuna posho. Hata mimi ningeuliza.

Jumapili, 8 Juni
Wanarudisha vitabu. Wengine wanavitupa tu mlangoni na kwenda zao. Havijafunguliwa hata. Mwizi, ndilo jina langu sasa. Ningeviuza wangeniheshimu.
Jioni Rhobi kaja mwenyewe. Hakusalimia. "Shika kitabu chako. Mimi siuzwi." Kavaa ndala za mume wake, viatu vyake havimwingii tena. Nikamwambia, Rhobi, hiyo miguu.
"Na miguu nayo unataka kuipiga picha?"
Nimemchukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumatatu, 9 Juni
Sijatoka nje. Nimelia, Bhoke akalia na yeye.

Jumanne, 10 Juni
Asubuhi, baridi kidogo. Kati ya kwetu na kwa Rhobi ni uzio wa minyaa tu. Alikuwa anatwanga kisamvu upande wake. Nikakaa upande wangu, nikampakata Bhoke, nikafungua kitabu. Nikasoma kwa sauti, kama namsomea mtoto. Kichwa kuuma. Miguu kuvimba. Macho kuona giza. Usisubiri kesho, nenda hospitali.
Mtwangio ukasimama.
Nikarudia ukurasa ule ule, polepole.