Hakuna Mnyoo Kwenye Jino

Mjukuu wangu Nyangeta,

Shikamoo yako imefika huku Nyamuswa, marahaba mama. Babu yako mzima, na mbuzi kazaa mapacha.

Umeniuliza kama mdudu wa jino anaweza kupanda kichwani. Moyo ulinipasuka, maana hofu hiyo nilikuwaga nayo mimi. Nikiwa msichana jino liliniuma, bibi yangu akachoma mbegu za ndulele juu ya beseni la maji, nikaachama juu ya moshi. Vitu vyeupe vikadondoka majini. Majirani wakashangilia, "Huyo katoka!" Kesho yake likauma tena, nikajua mwingine kabaki, anaelekea ubongoni. Nililia mpaka hospitali Musoma.

Nikamsimulia daktari yote, akacheka. "Binti, vile vyeupe vimetoka kwenye mbegu. Hakuna mnyoo. Jino linatobolewa na vijidudu ambavyo macho hayavioni. Vinakula sukari iliyobaki mdomoni, vinatoa tindikali, jino linaoza."

Jamani, nilivyofurahi! Hata sindano nilisahau kuiogopa.

Basi usilie, mama. Langu lilikuwa limeshaoza sana, wakaling'oa. Wewe nenda kesho, labda watakuzibia tu. Ukitoka nipigie, nisikie unavyoongea na huo mdomo wa ganzi.

Bibi yako anayekupenda