Jokébed Anakatala Kukimbia Mbele ya Amina

Mupendwa Mama Kanyere, mushauri wetu wa ku radio, naomba musaada, mais kwanza ujue unasema na mutu wa bahati, juu Butembo muzima hakuna muuzaji wa maharagi mwenye Mungu anamusikiaka sawa mimi Kitsa: mwaka jana, ku barrière ya njia karibu na Kirumba, basoda balitufyatulia masasi, benzangu bakakimbia sawa panya, mimi nikapiga magoti katikati ya barabara, nikafunga macho, nikasali mupaka amina, masasi ikapita kuume na kushoto, hata kofia haikuanguka. Ile hadisi nilipatia batoto yangu kila siku mbele ya chakula, donc bakajua kusali kuliko batoto ya pasta, na mimi natembea kifua mbele ku kanisa.

Sasa ona matata. Siku ya tano asubuhi masasi ikalia ku soko, bibi yangu Séphora akabeba mutoto wa maziwa na kuvuta kijana yetu Gamaliel, mimi nikabeba radio, tukajitupa mu migomba, kuangalia hivi, binti yetu Jokébed hayuko! Narudia mbio, namukuta mu nyumba, miaka saba, magoti chini, macho amefunga.

"Jokébed, twende!"

"Papa, bado."

"Sema amina, tutoke!"

"Sijafika ku koko, mama yako wa Kipese. Na mbuzi."

Mama, masasi inalia na mutoto anaombea mbuzi! Namushika mukono, anajikaza: "Weye ulikimbia kule Kirumba?" Nikamubeba ku bega sawa gunia, amina akamalizia mu matope, akanikasirikia siku mbili. Sasa Gamaliel naye anamufuata, banasema kukimbia ni imani kidogo. Nikibakataza kusali, niko mupagani, nikibaacha, nitabazika. Nifanye je?

Kitsa, Butembo, 2001

Papa Kitsa, pole. Ulirudia mu ile nyumba, na juu ya hiyo nakuheshimu. Mais mutu anabeba radio, anaacha mutoto? Hata kama unapenda kusikia émission yangu, hapana!

Jokébed hana kosa. Anasali sawa vile ulimufundisha. Kosa iko mu ile hadisi ya kofia. Mimi nilizaliwa Kirumba, papa. Batu bengi balipita ile barrière, sijasikia bado mwenye alitoka na kofia. Donc leo, mbele ya chakula, umwambie ukweli, hata haya ikuue. Kisha umufundishe sala ya njiani: macho wazi, miguu mbio, mukono unashika Gamaliel. "Mungu, tembea na sisi, amina." Koko na mbuzi atabaombea mukifika ku migomba, Mungu hana haraka. Mujaribu mara tatu mu kiwanja, weye ukimbie mbele yao. Radio iache. Ukiisha, uniandikie neno alikujibu.

Mama Kanyere, tumekimbia mara ine, Jokébed anatushinda sisi wote. Mbele ya ile, nilimwambia ukweli. Alicheka mupaka akaanguka, kisha akauliza, "Mais Papa, ulisali?"

"Kidogo, mu mutaro."

"Ulisema nini?"

"Mama yangu weee."

Akafikiri. Akasema hiyo nayo ni sala, ila inakosa amina.

Donc na weye ujue: kule Kirumba sikupiga magoti. Nilikimbia wa kwanza, na kofia ilibakia kule.